Jino la Taifa

Wenye hadithi huanza kwa kuomba waitikiwe. Mimi siombi. Anayetaka asikilize, anayetaka anitemee mate, yote nitayapokea.

Kuna nchi moja, jina lake sitalitaja. Si kwamba naogopa. Wananchi wake wenyewe hawalitaji mpaka wapate kibali. Ni nchi ya mpunga. Mabonde yake yana maji, mvua yake haikosi miadi, na mtu wa huko akila mkate mzima na chai birika mbili atakwambia leo sijatia kitu tumboni, maana wali haujapita. Nilifika huko kwa miguu kama nilivyofika kwingine. Mimi nimesoma darasa la pili mara tatu, katika nchi tatu, na la tatu sikulimaliza hata mara moja, kwa sababu kila nikilizoea dawati miguu inaniwasha. Kwa hiyo mkikuta neno limekaa vibaya, lisogezeni wenyewe.

Nchi hiyo ilikuwa na sheria moja tukufu: kila nyumba iweke akiba ya mchele ya miaka saba. Kwa nini saba? Waziri aliulizwa, akajibu kwamba sita ni michache na minane ni tamaa. Akiba ilikuwa haifunguliwi mpaka itangazwe Njaa Rasmi. Njaa hii ya kawaida, ya tumboni, haikutambuliwa. Njaa Rasmi ilitangazwa na Kamati, na Kamati kwa mujibu wa kanuni ilikutana baada ya chakula cha mchana tu, ili isije ikaamua kwa upendeleo.

Mimi nilipokewa na mjane mmoja, Bi. Siwema, aliyenikuta kwenye baraza yake nikijitoa mwiba mguuni. Hakuniuliza natoka wapi. Aliniuliza, "Umekula?"

"Nimekula, dada."

"Mwongo wewe. Midomo imekupauka kama ya mbuzi wa kiangazi." Akaleta sahani. Nikakaa miezi mitatu.

Kumbe mwenyeji wangu alikuwa na elimu ambayo mimi katika madarasa yangu yote ya pili sikuwahi kuipata. Alijua kuweka mchele. Siku ya kwanza aliponipa kazi ya kugeuza mpunga juani, alinikalisha.

"Sikiliza, kaka Machano. Mpunga ni mtu aliyevaa nguo zake zote. Akiwa mkavu, ukamlaza pakavu, miaka mitatu, minne, anakungoja. Mchele mweupe ni mtu aliyeoga akajifuta. Mfungie kwenye debe, tupia pilipili kavu, mwaka utapita, na wa pili pia. Lakini huu wa kahawia, uliovuliwa ganda tu, mwili wake una mafuta. Huyu mtwange leo, mle wiki hii. Ukimfungia ndani atanuka kama mtu aliyejipaka samli akalala mwezi mzima hajagusa maji."

"Na ule wa kunata?"

"Wa kunata ni wa sikukuu. Nani anaweka sikukuu kwenye debe? Ule, ucheke, ulale."

Chumbani alikuwa na mitungi miwili ya mpunga, imepakwa majivu kwa ndani, imefunikwa majani ya mwarobaini, imekalishwa juu ya mbao kwa sababu, alisema, sakafu hutoa jasho. Mitungi hiyo haikuguswa hata siku tuliyolala na uji wa mtama. Ilikuwa ya Hidaya, binti yake wa pekee, aliyeolewa ng'ambo ya mto na sasa alikuwa na mimba ya kwanza. Kwao mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mzazi, na kwa siku arobaini mzazi hali kingine ila uji wa mchele asubuhi na wali laini jioni, mchele uliotwangwa siku ileile. Hidaya alikuwa mwembamba, damu yake ndogo tangu utoto. Mkunga alikwisha sema: arobaini ya huyu isiwe ya kubahatisha.

"Mitungi hii," Bi. Siwema aliniambia, "ndiyo mtoto wangu mara mbili."

Akanifundisha na kuuma. Unatwaa punje, unaiweka kati ya magego, unauma. Ikilia ka! imekauka, weka. Ikibonyea kimya kimya, ina maji, rudisha juani. Ukiiweka hivyo unaweka uozo. Tulikaa uani tunauma, yeye upande wake na mimi upande wangu, ka, ka, ka, kama panya wawili wenye heshima.

*

Hapo ndipo aliponikuta Afisa Makungu wa Wizara ya Mchele Uliokaa. Alikuja kukagua akiba, daftari kwapani, akasimama mlangoni akisikiliza.

"Nani analia vile?"

"Si kulia, Bwana Afisa," nikasema. "Naonja ukavu."

"Kwa meno yako mwenyewe?"

"Ya nani tena?"

Akanisogelea kama mtu aliyeona dhahabu kwenye jaa. "Mzee, fungua kinywa." Nikafungua. Akahesabu kwa ncha ya kalamu. "Ishirini na nane! Bi. Siwema, umemficha huyu tangu lini?"

"Nimfiche wapi, Afisa? Huyu hata kwenye gunia haingii."

Lazima niwaeleze. Kuuma punje ndicho kipimo cha nchi ile tangu mababu, na Wizara ilikuwa imekiingiza katika katiba. Tatizo lilikuwa meno. Waheshimiwa walikuwa wamekula halua na kaimati za mapokezi kwa miaka mingi, na kinywani mwao yalibaki maneno tu. Wizara ilikuwa imeajiri waumaji watatu. Wa kwanza alikuwa na meno ya bandia, ambayo yalilia hata akiuma ndizi. Wa pili alikuwa kiziwi, alithibitisha kwa moyo. Wa tatu alikuwa na meno mazuri, ila kila alipoletewa sampuli aliimeza, na ripoti zake zote ziliandikwa "Ushahidi umeyeyuka." Mimi meno yangu sikuyapata kwa wema. Nimekosa sukari, basi.

Nikachukuliwa. Nikaapishwa. Nikapewa cheo cha Jino la Taifa, kiti chenye mikono, mswaki wa serikali uliobebwa na askari mwenye silaha, na chumba. Chumba kilikuwa na kitanda, na juu ya kitanda chandarua kipya, cheupe, kisichokuwa na tundu hata moja. Nina miaka sitini na tisa. Nimelala kwenye baraza, mabehewa, vibanda vya tumbaku, na mara moja ndani ya ngoma. Sijawahi kulala ndani ya chandarua kizima. Watu husema fulani ameuza nchi kwa fedha. Mimi fedha sikupewa.

*

Sasa ubaya ulianzia kwenye mashine. Serikali ilikuwa imenunua kinu kikubwa kutoka ng'ambo, kikaja nusu. Nusu ya kumenya ganda ilifika. Nusu ya kung'arisha ilibaki huko ikisubiri malipo. Kwa hiyo kinu kilitoa mchele wa kahawia tu, mlima baada ya mlima. Mashine ya kukaushia nayo ilikuwapo, nzima kabisa, lakini sherehe za taifa huangukia masika, na mashine ile ilikuwa imekabidhiwa kwa Idara ya Itifaki ikaushe bendera.

Basi kulikuwa na milima ya mchele wa kahawia, tena mbichi. Na mpunga mkavu wote wa nchi ulikuwa majumbani, kwenye mitungi ya akina Bi. Siwema. Mheshimiwa Ngwadule, Waziri wetu, akapata wazo. Wananchi walete mpunga wao uuzwe ng'ambo, inunuliwe ile nusu ya kinu. Nao wapewe pipa la mchele wa kahawia, uliobatizwa siku hiyo jina la Mchele Kamili, waufungie ndani miaka saba. Kilichobaki ni Jino liume, redioni, nchi nzima isikie.

Ukumbi ulijaa. Punje moja ililetwa juu ya mto wa mahameli, ikapigiwa saluti. Mheshimiwa akasimama.

"Ndugu wananchi! Wabaya wetu wanasema mchele wa kahawia haukai. Nawauliza: mlima unakaa haukai? Rangi ya mlima ni gani? Na ardhi? Na meza yangu hii, imekaa ofisini miaka kumi na minne, ni ya rangi gani?" Makofi. "Tangu leo hatutaweka tena mchele uliovuliwa utu wake! Tutaweka Mchele Kamili, wenye mafuta yake, wenye fikra zake! Jino, uma!"

Nikaiweka punje kati ya magego. Nikauma.

Ilibonyea. Nilisikia maji yake kwenye ulimi, kidogo, kama jasho. Haikutoa mlio wowote. Kipaza sauti kilikuwa kimesogezwa mpaka kwenye ndevu zangu na nchi nzima ilikuwa imeshika pumzi. Nikamwona Mheshimiwa ananitazama, si kwa ukali, la. Alinitazama kama mtu anayekukumbusha kwamba umeacha chandarua chako kimeshushwa na mbu ni wengi.

Nikagonga ulimi kwenye paa la kinywa.

Ka!

Ukumbi ukalipuka. Watu wakakumbatiana. Afisa Makungu alilia machozi ya kweli. Sauti ile ilirekodiwa, na kuanzia jioni ile ikawa inapigwa redioni kabla ya kila taarifa ya habari, badala ya mlio wa ngoma: ka! Hii ni redio ya taifa. Kwa siku mara kumi na tatu. Nilikuwa nikijificha chini ya mto, lakini mlinzi wangu alikuwa mzalendo na redio yake ilikuwa kubwa.

*

Watu wa nchi ile si wajinga. Watu wanaokula kitu kimoja kila siku hawawezi kuwa wajinga juu ya kitu hicho. Zoezi la kubadilishana lilipofika mtaani kwa Bi. Siwema, magari yalisimama, mapipa yakashushwa, nami nikapandishwa jukwaani kwenye kiti changu chenye mikono. Na hakuna aliyesogea. Watu walisimama milangoni na mitungi yao miguuni.

Mzee mmoja fundi baiskeli, Mzee Tindwa, akasema kwa sauti ya kusikika, "Kahawia? Miaka saba? Hata mke wangu hakai na mimi miaka saba bila kuchacha."

Watu wakacheka. Afisa Makungu akaanza kuandika kicheko kwenye daftari. Ndipo Bi. Siwema akatoka kwake. Alikuwa amejitwisha mtungi mmoja na mwingine umebebwa na wifi yake nyuma.

"Wewe Siwema, una wazimu?" Mzee Tindwa akamwambia. "Huo si wa Hidaya?"

"Ni wa Hidaya."

"Na unawapa hawa?"

"Mimi Wizara siijui," Bi. Siwema akasema. "Nikiitazama naona tai na matumbo. Lakini lile jino nalijua. Limekula kwangu miezi mitatu. Nimelifundisha mimi mwenyewe, pale uani, hata habari ya huu wa kahawia; lingeona ubaya lingesema. Kama limelia, limelia."

Akamimina. Mpunga mkavu una sauti yake ukimiminwa, kama mvua ya mbali. Alipomaliza akaniangalia pale juu, akainua mkono, akasema, "Shikamoo Jino!" kwa utani, maana mimi na yeye hatukuwa watu wa kupeana shikamoo. Watu wakacheka tena, kicheko kingine sasa, cha watu waliotua mzigo. Wakajipanga nyuma yake. Nyumba arobaini na mbili za mtaa ule.

Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno matatu: "Bi. Siwema, rudi." Nimeyahesabu mara nyingi. Ni maneno matatu, pumzi moja. Badala yake nilimpungia mkono. Mkono huuhuu ninaoandikia.

*

Mapipa yalifungwa kwa lakiri yenye sura ya Mheshimiwa. Yakaja na kanuni. Pipa likae sebuleni, lielekee mlango, liweze kuona wageni. Mtu asilipige kofi. Mdudu akionekana nje ya pipa ahesabiwe kuwa ametoka nchi jirani. Akionekana ndani, haonekani, kwa sababu pipa halifunguliwi. Na kulifungua kabla ya Njaa Rasmi ni uhaini mdogo. Uhaini mkubwa ni kulifungua ukakuta tatizo.

Mwezi wa tatu tangu mapipa yaje, mitaa ikaanza kunuka. Ilikuwa harufu ya mafuta yaliyochacha, na chini yake harufu nyingine, ya nguo zilizokunjwa mbichi. Wizara ikatoa tamko: hiyo ni Harufu ya Akiba. Nchi maskini hazina. Watoto wa shule wakafundishwa kuivuta kwa pua zote mbili kabla ya wimbo wa asubuhi. Katika gazeti profesa mmoja akaeleza kwamba mchele unapumua, na kila kinachopumua ki hai, na kilicho hai hakijaoza. Nilisomewa makala hiyo nikiwa kitandani, ndani ya chandarua.

Mwezi wa tano akaja wifi yake Bi. Siwema na ujumbe. Hidaya amekuja, siku zake zimekaribia. Bi. Siwema anasema nisiwe mtu wa ofisini tu, nije nimsalimie mwanangu.

Nikaenda. Hidaya alikuwa amelala kwenye mkeka, tumbo kubwa, mikono kama vijiti vya kuokea mishikaki. "Shikamoo, baba mdogo," akaniambia. "Nakusikia kila siku redioni."

"Marahaba, mwanangu," nikasema.

Bi. Siwema akanivuta sebuleni. Pipa lilikuwa limeelekea mlango kama ilivyoagizwa. "Kaka Machano, hili linanuka. Nimejiambia labda ni pua yangu, nimezeeka. Lakini arobaini ya Hidaya inaanza wiki ijayo. Wewe ni Jino. Ukifungua wewe si uhaini, sivyo?"

Nikakata lakiri kwa kisu cha jikoni. Kifuniko kilipotoka, joto likatupiga usoni, joto la kweli, kama kufungua sufuria. Mchele ulikuwa umeshikana mabonge, wa kijani huku, mweusi kule, na fukusi walikuwa wakitembea juu yake taratibu, bila wasiwasi, kama makarani mwisho wa mwezi. Bi. Siwema alitumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko akitafuta pazuri. Hapakuwapo. Akatoa punje moja ya chini kabisa, akaiweka kinywani, akauma, akaitema kiganjani. Akaitazama muda mrefu.

"Huu haukuingia maji humu ndani," akasema. "Huu ulikuja na maji yake."

Nikashika kifuniko nikitaka kukirudisha.

"Siku ile uliuma?"

"Niliuma."

"Ikalia?"

"Bi. Siwema..."

"Nimekuuliza swali dogo, bwana we. Ikalia?"

"Haikulia."

"Mbona nilisikia?"

Nikamwonyesha. Sikuwa na namna nyingine. Nikafungua kinywa mbele yake nikagonga ulimi. Nje, kwa Mzee Tindwa, redio nayo ikagonga palepale, saa saba kamili, ka! Alitazama kinywa changu, akatazama dirisha. Akafuta mkono wake kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Mimi ndiye niliyetangulia," akasema. Hakusema "wewe." Angesema "wewe" ningelala usingizi siku moja moja.

*

Nilikimbilia Wizarani kukiri. Nilifikiri kukiri ni jambo rahisi. Mtu anasema, wanamfunga, basi. Mheshimiwa alinisikiliza akila.

"Jino," akasema, "kanuni inasema ushahidi dhidi ya Jino la Taifa utolewe na nani?"

Afisa Makungu akafungua kitabu. "Na Jino la Taifa pekee, Mheshimiwa."

"Na Jino lililowahi kudanganya, ushahidi wake unapokelewa?"

"Haupokelewi, Mheshimiwa."

"Basi umeona. Kama hukudanganya, huna la kukiri. Kama ulidanganya, hatuwezi kukuamini. Andika: Jino limeonyesha unyenyekevu. Apewe nishani."

"Mheshimiwa, tangazeni Njaa. Warudishieni watu mpunga."

"Mpunga umekwisha vuka bahari zamani. Na ile nusu ya mashine imeshafika, leo asubuhi!" Akang'aa uso. "Makungu, mwambie."

Afisa Makungu akakohoa. "Kulikuwa na hitilafu ndogo ya oda, Mzee. Imekuja mashine nyingine ya kukaushia. Idara ya Itifaki wameipokea kwa furaha. Bendera zilikuwa nyingi."

"Na Kamati ya Njaa?" nikauliza.

"Imekaa jana," Mheshimiwa akasema, akijifuta midomo. "Haikuona dalili."

*

Hidaya alijifungua Alhamisi, mtoto wa kike. Alikunywa uji wa muhogo, na muhogo wenyewe ulikuwa wa kukopa, kwa sababu nyumba arobaini na mbili zote zilikuwa na pipa sebuleni na hakuna iliyokuwa na chakula jikoni. Siku ya nne maziwa yakakatika. Mtoto akachukuliwa nyumba ya pili, kwa mama mwingine mwenye kichanga, akanyonya huko zamu kwa zamu. Hidaya alikuwa akilala ameelekea ukutani ili asisikie mtoto wake akilia kwa jirani. Hakufa. Naliandika hili mapema ili mtu asijipe moyo kwamba hadithi itaishia kwenye msiba, watu walie, wasahau. Hakufa. Alikuwa akiinuka kwa kushika ukuta, na ndivyo alivyokuwa siku niliyomwona mwisho.

Nikamwangukia Bi. Siwema miguuni, mimi mzee mzima. Nikamwambia anisamehe.

"Inuka, utachafua kanzu ya serikali," akasema. "Nikikusamehe utaondoka. Nawajua watu wa miguu kama wewe. Mtu kama wewe akisamehewa anaona amepewa nauli."

"Basi niambie nifanye nini."

"Nyumba arobaini na mbili zilinifuata mimi. Kesho tunapita, mlango kwa mlango. Mimi nitatangulia, kama siku ile. Nitabisha hodi, wewe utasema. Kwa kinywa hichohicho."

Tukapita. Nilidhani watanipiga; nilikuwa nimejiandaa, nilivaa kofia nene. Hawakunipiga. Nyumba ya kwanza walinipa kiti. Ya pili walisema, pole sana Mzee, kazi za serikali ngumu. Ya tano mwanamke mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nigonge ule ulimi mbele ya watoto wake, hawajawahi kuusikia ana kwa ana. Ya tisa walikataa kuniamini, wakanionyesha picha yangu ukutani. Mzee Tindwa, nyumba ya kumi na moja, ndiye pekee aliyenitukana, na naapa lilikuwa tusi tamu kuliko nishani. Nilitamani aendelee, lakini pumzi ilimwishia, naye hakuwa amekula. Kila mlango Bi. Siwema alianza yeye: "Jamani, mimi ndiye niliyewaongoza." Kila mlango sauti yake ilishuka kidogo.

Nyumba ya kumi na tisa ilikuwa ya mtu na mkewe, wazee, safi, mkeka umefagiliwa. Walitukaribisha kabla sijafungua kinywa, na mke akaniwekea sinia mbele, kwa kuwa mimi ni mgeni. Lilikuwa la wali. Ulikuwa umepikwa vizuri, umepangwa vizuri, na harufu yake ilikuwa ileile ya pipa la Bi. Siwema.

"Mmefungua pipa?" Bi. Siwema akauliza.

"Tulifungua mwezi wa nne, mama, njaa haikungoja Kamati," akasema mzee. "Msitushitaki."

"Na mnaula huu?"

"Kila siku."

"Haunuki, bwana?"

Wakatazamana, wameona haya, kama watu walioulizwa juu ya ugonjwa wa siri. Mke akasema polepole, "Sisi tunausikia mchungu. Tunausikia umeoza, tukueleze ukweli. Na matumbo yanatusumbua. Lakini tukasema, jino limepimwa mbele ya taifa zima. Basi kosa litakuwa la ndimi zetu. Tumezeeka. Tunajizoeza." Akanisogezea sinia. "Karibu, baba. Wewe ndiye utakayejua ladha yake ya kweli."

Bi. Siwema akanigeukia. Ilikuwa zamu yangu kusema.

Sikumbuki nilisema nini. Nadhani nilisema naomba maji. Nilitoka uani, uani palikuwa na mlango, mlango ulikuwa wazi, na nje palikuwa na njia. Miguu hii nimeilaumu maisha yangu yote, lakini siku ile haikuniwasha. Niliituma mwenyewe. Nilisikia Bi. Siwema akibisha nyumba ya ishirini, "Hodi! Hodi wenyewe! Jamani, mimi ndiye niliyewaongoza," kisha kimya, akingoja mtu wa nyuma yake aseme.

Zilibaki nyumba ishirini na tatu. Sijui kama alizimaliza peke yake. La, najua alizimaliza. Lakini ile punje ya ukumbini hakuiuma yeye, na watu wa kule humwamini aliyeuma.

Kwa hiyo, wewe uliyepata karatasi hii imefungiwa karanga au imebandikwa dirishani kuzuia upepo, kama una pipa sebuleni linaloelekea mlango, nakubishia hodi. Mimi ni Machano, niliyekuwa Jino. Haikulia. Ilikuwa na maji, na nililijua hilo kabla hujajitwisha mtungi wako. Usiule mchele huo, na usimpe mzazi. Pua yako ni nzima, na ulimi wako haujazeeka.